Wageni Wasione Panya

Mtego ulikuwa mtupu.

Ndiyo, mtupu! Najua mmebishana wiki nzima, na wapo walioapa kwamba Esteria akivuta mkono kutoka uvunguni atatoka na panya mkubwa kama kiatu, na wakubwa watakimbia mpaka Soni. Poleni. Alipiga magoti chumbani kwa baba yake mdogo, akaingiza mkono chini ya kitanda mbele ya wageni wawili wenye kauli ya mwisho, akavuta kile kisanduku cha bati. Ndani kulikuwa na kipande cha dagaa alichokitia mwenyewe jana kituoni, kabla wenye nyumba hawajaja kuchukua mitego yao. Hata sisimizi hakukigusa.

"Sioni kitu," alisema Daktari Kristian.

Huyu ni mzungu wa nchi inayolipia utafiti. Malindi, kijiji hiki cha milimani Lushoto, walimpenda tangu aliposhuka garini, kwa sababu ana jina moja na mpiga kengele wa kanisa lao. Kiswahili alijifunza shuleni, kwa hiyo hakosei neno hata moja na hacheki katikati.

"Twende nyumba ya pili," Esteria alisema upesi.

"Twende," alisema Bwana Davis, akatazama saa. Huyu ni wa wizarani, Dar es Salaam, amekuja na gari la wizara analoliendesha mwenyewe. Tangu afike mlimani alikuwa anatafuta mahali pasipo na tope pa kukanyaga, na Malindi mahali hapo hapapo.

Nyumba ya pili, mtego mtupu. Ya tatu, mtupu. Ya nne mwenye nyumba aliwafungulia mlango kwa kicheko, akawaonyesha sakafu iliyosiribwa upya, kuta zilizopakwa udongo mweupe, na dari ambayo mahindi yake yote yalikuwa yameteremshwa na kuanikwa nje. Hakukuwa na kinyesi cha panya, wala ile harufu. Esteria alikuwa amekulia katika harufu ile. Kuikosa kulimtisha kuliko kuikuta.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo likiwa limefungia maandazi, shida yenyewe ni hii. Kituo cha utafiti wa tauni, ambacho watu wa Malindi wanakiita Kituo cha Panya, kinapumua kwa pua ya wengine. Serikali yetu inalipa mishahara, ikikumbuka. Serikali ya kwao Kristian inalipa mengine yote: mitego, petroli, dawa. Lakini sasa ni zama za soko huria. Yetu imeambiwa ipunguze mizigo, na yao inaulizwa na bunge lake faida iko wapi. Vituo viwili, fedha ya kimoja. Ama Kituo cha Panya hapa juu, ama kituo cha malaria kule tambarare. Wageni hawa wanaamua leo kabla ya kuteremka mlima, na wakiteremka bila kuona panya, Esteria hana kazi na Malindi haina sindano.

Na sindano si jambo dogo. Mama mzazi wa Esteria alikufa kwa tauni, Esteria akiwa binti wa shule ya msingi. Kilichompeleka chuoni akasomee viroboto badala ya ukarani ni kaburi lile.

"Mwenyekiti," Davis alimgeukia Hezekia, mwenyekiti wa kijiji na baba mdogo wa Esteria. "Hawa panya tunaosoma habari zao Dar es Salaam wako wapi?"

Hezekia alivuta koti lake la sherehe. Uso ulikuwa unang'aa kwa furaha.

"Panya? Malindi hatuna panya, mheshimiwa. Tumefanya usafi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Wanakijiji wakapiga makofi. Esteria alitamani ardhi ipasuke.

* * *

"Umeona, Daktari?" Davis alisema, sasa anatembea kifua mbele. "Hongera kwa wananchi. Mimi naona huku ugonjwa umekwisha."

"Haujaisha!" Esteria alisema.

"Panya wako wapi?"

"Walikuwepo. Mwezi uliopita kila nyumba ilikuwa na panya. Daktari Kristian, nilikuandikia."

"Uliniandikia," Kristian alikubali. Alionekana kuumia. "Lakini nikirudi kwetu nitaulizwa nimeona nini kwa macho yangu. Siwezi kuwaambia nimeona kuta nyeupe. Watu wetu wanalipa kodi kwa ugonjwa uliopo, Bibi Esteria. Siyo kwa ugonjwa uliokuwepo."

"Tauni hulala. Ikilala ndipo inapotakiwa kuchunguzwa."

"Hiyo sera ya kuchunguza kilicholala," Davis alicheka, "ilikuwa ya zamani, Serikali ilipokuwa baba na mama. Siku hizi, dada yangu, kila mtu abebe mzigo wake." Akapunga mkono barabarani. "Elisante!"

Elisante ndiye dereva wa Landrova ya mradi, kijana wa Malindi mwenyewe. Alikuja mbio.

"Gari linateremka tambarare leo. Pitia kituoni, pakia jokofu na lile sanduku jeusi la dawa. Kule wanazihitaji."

"Mmeshaamua?" Esteria alidakia. "Hamjakaa hata kikao!"

"Tutakaa. Mwenyekiti ametuandalia chakula. Tutakula na kikao humo humo."

Elisante alimtazama Esteria, akatazama chini, akaenda. Angefanya nini? Ana wadogo wanaomtegemea, na mwenye gari ndiye mwenye amri.

* * *

Esteria alimshika baba yake mdogo kiwiko, akamvuta nyuma ya nyumba penye rundo la kuni.

"Baba, panya wamekwenda wapi?"

"Tumewaua."

"Wote?"

"Kijiji kizima kilitoka, mwanangu! Ungeona! Ulikuwa Lushoto kwenye semina yako, tukasema tukufanyie jambo kabla hujarudi. Wanaume na marungu, wanawake na maji ya moto. Mama yako mdogo ndiye aliyeongoza. Alipita nyumba kwa nyumba na wanawake wenzake, wanakusanya panya kwenye vikapu, wanakwenda kutupa korongoni."

"Kwa nini? Nani aliwaambia?"

Hezekia alishangaa kweli kweli. Alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linachomoza mashariki.

"Si wakubwa wako wanakuja kukukagua? Tangu uletwe hapa kazi yako ni panya. Sasa bosi wa kazi aje akute panya wanacheza darini, atasema umefanya nini miaka yote hii? Mganga husifiwa kwa waliopona, Esteria. Tulikaa baraza tukasema, aibu hiyo haitampata binti yetu."

Utamgombeza vipi mtu aliyekubomolea nyumba kwa kukupenda?

Ndipo wazo la pili likaja, na lile lilikuwa baya zaidi.

"Baba. Kabla ya kuua, mlipuliza dawa ya unga?"

"Dawa ya nini tena? Panya walikuwa wamekwisha kufa."

"Panya anakufa, kiroboto wake hafi! Anaruka, anatafuta damu nyingine. Anayemkuta karibu ni yule aliyemshika panya. Ndiyo maana unga unatangulia, marungu baadaye. Mlitakiwa mje kituoni mchukue!"

Furaha ikatoka usoni mwa Hezekia. Palibaki kitu kigumu.

"Nilikuja," alisema taratibu. "Mwanzo wa masika nilikuja kituoni kwako na magunia. Ulinijibuje?"

Esteria alikumbuka.

"Ulisema unga upo, lakini ni wa vijiji vile vingine. Malindi haipewi. Malindi ni kijiji cha kulinganishia, mpaka wazungu wamalize kuhesabu nani anaumwa zaidi, waliopuliziwa au wasiopuliziwa. Uliniambia mimi, baba yako. Nikarudi na magunia yangu matupu, sikukulaumu, nikasema ndiyo elimu."

Ndivyo ilivyokuwa katika masharti ya mfadhili. Esteria alibishana wiki mbili, kisha akatia sahihi, kwa sababu bila sahihi kusingekuwa na unga wa kijiji chochote. Msinitazame mimi. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

"Mama mdogo yuko wapi?" aliuliza ghafla. "Tangu nirudi jana sijamwona. Wageni wamekuja kwake na yeye hayupo?"

Hezekia aliinama akaokota kuni iliyoanguka, akaipanga juu ya nyingine ambazo zilikuwa zimeshapangwa vizuri.

"Amekwenda Vuga. Msibani."

* * *

Sebuleni mambo yalikuwa mazuri mno. Wali, kuku wa kienyeji, mboga ya maharage, na plamsi zilizoiva kwenye beseni. Yudith, binti wa Hezekia, alikuwa ananawisha wageni mikono. Davis alikuwa tayari amevua koti.

"Huku mnaishi peponi, binti! Baridi, matunda. Mama yuko wapi tumshukuru?"

Yudith alimwaga maji nje ya bakuli.

"Yuko... msibani, mheshimiwa. Vuga."

Esteria alikuwa amesimama mlangoni. Kutoka pale aliweza kuona uani, na uani kulikuwa na kamba ya nguo, na kwenye kamba kilikuwa kimeanikwa kitenge cha umoja wa akina mama wa usharika. Cha buluu, chenye msalaba.

Mama yake mdogo, Raheli, msibani, bila kitenge chake?

Raheli huyu huyu ambaye mwaka jana alimrudisha mke wa mzee wa kanisa kutoka makaburini akabadilishe nguo, maiti imesubiri? Kwa akina mama wale, kwenda kuzika bila sare ni afadhali usiende. Esteria amelelewa na mwanamke huyo. Angekwenda msibani bila viatu kwanza.

Alimfuata Yudith jikoni, akasukuma mlango nyuma yake.

"Yudith, mama yako yuko wapi?"

"Dada, nimesema..."

"Kitenge chake kiko kwenye kamba."

Yudith alitazama mlango. Alishika ukingo wa meza.

"Baba amesema nisiseme. Amesema mpaka wageni waondoke. Kesho gulio likiisha ndiyo tumpeleke Lushoto, kimya kimya. Dada, usimwambie nimekwambia."

"Wapi?"

"Jiko la zamani. Kule chini, mgombani."

* * *

Raheli alikuwa amelala juu ya gunia, amejifunika blanketi mbili, na meno yanagongana. Macho yalikuwa mekundu. Esteria alipiga magoti kwa mara ya pili siku ile, na safari hii hapakuwa na mtego.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Raheli alijaribu kutabasamu. "Wamekula? Yudith alitia chumvi kwenye kuku? Huwa anasahau."

"Mama, nionyeshe nyonga."

"Mguu umeteguka tu. Kule korongoni kunateleza."

"Nionyeshe."

Hakuhitaji kugusa. Mtoki ulikuwa umevimba kinenani, na Raheli aliruka kabla kidole hakijafika. Esteria aliujua uvimbe ule. Aliuona kwa mama yake mzazi kwa mwanga wa dirisha, na miaka yote ya chuo haikuufuta. Hofu ile ile ya mtoto wa shule ikamrudia.

"Tangu lini?"

"Juzi homa ilinishika. Si ugonjwa ule, Esteria. Usiutaje."

"Ni ugonjwa ule, mama. Na sindano yake ipo, ukichomwa leo utapona. Nakwenda kuwaambia."

Raheli alimkamata mkono. Mkono wake ulichoma.

"Usithubutu! Umesahau karantini? Askari barabarani, gulio limefungwa, kabichi zimeoza mpaka mbwa wamezikataa. Watoto wetu wakifika Lushoto wanafukuzwa dukani, toka, wewe wa Malindi. Kesho ni gulio. Plamsi zote zimekwisha kuchumwa, ziko kwenye matenga. Baba yako ni mwenyekiti. Atawatazamaje watu?"

"Kwa hiyo ufe?"

"Sitakufa, nitavumilia mpaka gulio liishe." Alipumzika, akavuta pumzi. "Waliridhika? Wakubwa wako. Waliona tulivyosafisha? Nilisugua kwa mikono yangu. Nikasema leo watajua binti yangu anafanya kazi."

Esteria alilia. Nasema wazi, alilia, na machozi yakadondoka juu ya blanketi, kisha akajifuta kwa kiganja akasimama.

"Usitoke hapa. Umesikia, mama? Naleta sindano."

Alipokuwa anapanda kilima alisikia injini ya Landrova ikiwaka kule kituoni.

* * *

Aliingia sebuleni na tope mpaka magotini.

"Bwana Davis, zuia gari!"

Davis alikuwa na paja la kuku mkononi. "Gari gani?"

"La dawa! Kuna mgonjwa wa tauni Malindi. Nimetoka kumwona sasa hivi."

Kijiko cha Kristian kilisimama hewani. Davis alifuta vidole, taratibu, kimoja kimoja.

"Bibi Esteria. Asubuhi hapakuwa na panya. Mara tunaamua kituo kihame, mara mgonjwa anapatikana. Mimi si mtoto."

"Wameua panya wote bila kupuliza unga! Daktari, Malindi haikupewa unga. Ni kijiji chenu cha kulinganishia."

Mzungu yule aligeuka rangi. Aliweka kijiko chini.

"Wameua panya kwanza?" alisema kwa sauti ndogo. "Wote?"

"Wote. Wakawabeba kwa vikapu."

"Oh, hapana," alisema Kristian. "Hapana, hapana." Kisha akaongea lugha yake, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Davis hakuwa mtu wa kutishika. "Mgonjwa ni nani?"

Hezekia alikuwa amesimama karibu na dirisha. Nje, chini ya mti wa pichi, wazee wa kijiji walikuwa wamekaa wakisubiri kusikia Malindi imesifiwa vipi. Kando yao matenga ya plamsi yalikuwa yamepangwa mpaka ukutani, jasho la kijiji kizima, la kesho.

"Ni mama yangu mdogo," Esteria alisema. "Raheli. Mke wa mwenyekiti."

Macho yote kwa Hezekia.

"Baba, sema."

Hezekia alitazama matenga. Akawatazama wazee. Nadhani kama wangemwuliza akiwa peke yake angejibu mengine, lakini hakuwa peke yake.

"Mke wangu yuko Vuga," alisema. "Msibani. Huyu binti amechoka, mheshimiwa. Amefanya kazi sana."

"Baba!"

"Amechoka," Hezekia alirudia, na hakumtazama.

Walibishana mpaka wali ukapoa, ndipo honi ilipolia barabarani. Elisante ana desturi ya kupiga honi akipita chini ya migomba ya Hezekia, salamu kwa Mama Yudith anayempa ndizi. Ililia mara moja, gari likasimama kidogo, likaendelea.

"Twendeni mkaone kwa macho yenu!" Esteria alipiga kelele. "Ni hatua chache! Kama hayupo, mimi nitapanda gari lako, Bwana Davis, nishuke tambarare nikahesabu mbu mpaka nizeeke!"

Kristian alikuwa ameshasimama. Davis naye akasimama, kwa sababu mzungu amesimama. Hezekia akafuata nyuma, mguu mzito.

Waliteremka mgombani. Davis aliteleza, akashika mgomba, akatukana tope. Esteria alifika wa kwanza. Akasukuma mlango.

Gunia lilikuwepo, na blanketi mbili, zimekunjwa vizuri, kona kwa kona.

Raheli hakuwepo.

Esteria aliweka kiganja juu ya gunia. "Pana moto," alisema. "Gusa, Daktari! Ametoka sasa hivi!"

Kristian aligusa. "Ni kweli, pana joto," alisema, lakini alimtazama Davis kama mtu anayejua kwamba joto la gunia haliwezi kupelekwa bungeni.

"Asubuhi nimeonyeshwa mtego mtupu," alisema Davis. "Sasa naonyeshwa kitanda kitupu. Inatosha. Nakwenda kuwasha gari langu."

Esteria alitoka nje anaita. "Mama! Mama Raheli!" Migomba haikujibu. Aligeuka kutazama juu, uani, akitafuta cha kushika, na akaiona kamba ya nguo.

Kamba ilikuwa tupu.

Kitenge cha buluu hakikuwepo.

Akaelewa. Sauti zao sebuleni zilivuma mpaka huku chini. Raheli alimsikia mumewe akisema mbele ya wageni kwamba mkewe yuko Vuga, na Raheli hajawahi kumwacha mumewe aonekane mwongo. Ameondoka kwenda kuufanya uongo ule uwe kweli.

"Jamani, onga mshi!" sauti ya furaha iliwasalimu kwa kilugha kutoka upande wa barabara. Alikuwa Efrazia, jirani, ana jembe begani na viazi kwenye kikapu. "Mnamtafuta Mama Yudith? Ana bahati huyo leo! Tulisema atakwendaje Vuga na mguu ule, anachechemea, jasho linamtoka. Mara gari la mradi hilo. Nimemshika mkono mwenyewe mpaka nyuma kule. Elisante kamwambia panda mama, nitakushusha Soni, Vuga si mbali."

"Amepanda Landrova?" Kristian aliuliza.

"Kapanda! Wamebanana humo, maana akina mama wa gulio la kesho nao wamewahi kudandia na matenga yao. Nafasi hakuna, yeye kakalia lile sanduku jeusi."

Hezekia alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili kama watu wanavyoishika makaburini.

"Sanduku gani?" aliuliza, ingawa alilijua, kijiji kizima kinalijua.

"Lile lile la sindano, Baba Yudith."

Hezekia alimgeukia Davis. Wazee walikuwa wameteremka nyuma yao, wanasikiliza, na safari hii hakuwatazama.

"Mheshimiwa," alisema. "Nimekudanganya. Mke wangu ana tauni. Nakuomba gari lako."

Davis alirudi hatua moja nyuma, akasahau tope. Mkono wake uliingia mfukoni kwenye ufunguo ukabaki humo humo. Kule chini, kona ya mwisho inayoonekana ya kwenda Lushoto, Elisante alipiga honi, na ukungu ukalimeza gari pamoja na Raheli aliyekalia dawa yake bila kujua.